Baridi Ambayo Mkilua Haukuchanua

Wanaokuja kuniuliza habari za ugonjwa wangu huanza na chakula. Nilikula nini, asali niliyokunywa ilikuwa ya wapi, habasoda niliichanganya na nini. Jumatano moja, siku ya soko la wanawake hapa Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati, mama mmoja ninayemjua kwa uso tu alinivuta pembeni, nyuma ya wauza shela, akaniambia kwamba dada yake "ameonekana nao." Hakuutaja jina.

Nikamuuliza, "Mwenyewe ameshaambiwa?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Aambiwe nini, maskini? Aingiwe na hofu, afe mbele ya siku zake?"

Haya nimeyaandika kwa ajili ya dada yake.

Ugonjwa wangu ulikuwa saratani ya titi. Nalitaja jina hapa mwanzoni kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa nao miezi bila ya kuambiwa jina lake, na sitaki anayesoma angoje kama nilivyongoja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nasomesha jiografia katika skuli ya wasichana, na nilijiona mtu wa kuuliza na kupanga mambo yake. Ndiyo maana mpaka leo sielewi vizuri ilikuwaje nikakaa kimya vile.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mama yangu, Bi Raya, aliyezaliwa na kukulia Unguja mjini na kuja huku nasi akiwa mtu mzima. Mume wangu, Hamed, ambaye wazee wake ni wa Samad Ash Shan lakini yeye alizaliwa Pemba. Binti yetu Muna, aliyekuwa akisoma chuo Nizwa na kurudi kila Jumatano jioni kwa teksi ya pamoja. Na mimi.

Wa tano alikuwa mkilua.

Kwa asiyeujua, mkilua ni mti mdogo, hauzidi kimo cha mtu sana, wenye majani mabichi mwaka mzima. Ua lake halina cha kutazama: dogo, la manjano, limejikunja kama ganda lililokauka. Lakini harufu yake, mwanamke wa Unguja akiisikia hugeuza kichwa. Vilua hutiwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mrihani, au huwekwa chini ya mto. Mama alipokwenda Unguja mara ya kwanza kuwatazama waliobaki, miaka ya tisini, alirudi na miche mitatu ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kitambaa kibichi. Miwili ilikufa kiangazi cha kwanza. Wa tatu niliupanda uwani, kwenye kona ya ukuta wa jiko na ukuta wa majlisi, chumba cha wageni, mahali ambapo upepo wa moto wa magharibi haufiki na mlimau hutupa kivuli mchana.

Uliishi, lakini ulijiwekea sharti. Joto lote la Ibra ulinyamaza. Mwezi wa kumi na mbili, watu wanapotoa mablanketi makabatini, ndipo ulipotoa vilua, mpaka mwezi wa pili. Baridi mbili mfululizo ulifanya hivyo. Kazi ya kuumwagilia ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa natia kidole udongoni kwanza; kidole kikitoka kikavu, naumwagilia; kikitoka na unyevu, nauacha.

Kifundo titini nilikigusa mwisho wa kiangazi, tende za mwisho zikiwa juani. Nilimwambia Hamed. Tukaenda hospitali ya Ibra, wakatupeleka Maskati. Nilipimwa, nikachomwa sindano nene ya kutolea nyama, nikavaa nguo zangu. Nilipotoka nilimkuta daktari amesimama na Hamed mwisho wa ukumbi, sauti chini. Hamed alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kisha aliangalia funguo za gari mkononi mwake kama mtu aliyepewa kitu asichokijua.

"Uvimbe," aliniambia ndani ya gari. "Kuna maji yamejikusanya. Watakupa dawa ya kuyakausha."

"Ya kunywa?"

"Ya dripu. Kila baada ya wiki tatu."

Mtu ataniuliza: wewe mwalimu, uliamini? Nami nimejiuliza. Sikuamini na wala sikukataa. Nilikuwa kama niliyesikia mlango ukigongwa nikiwa nimezama kwenye mazungumzo mengine: nimesikia, lakini sikuinuka.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja kwa chuma, mmoja akitikisa mguu safu nzima hutikisika. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti, mtu anapika. Wanaume walisimama nje ya mlango wa kioo, na kila mara mmoja wao aliitwa akaenda kuzungumza na daktari, akarudi, akamwambia mkewe maneno machache. Niliona kwamba maneno waliyopewa wao yalikuwa mengi kuliko yaliyotufikia sisi. Niliona, na sikuendelea.

Muuguzi Mhindi wa Kerala aliyenitia dripu ya kwanza alishindwa kupata mshipa. Alijaza glavu maji ya moto, akaifunga fundo, akanipa niishike mkononi kama mkono wa mtoto. Mshipa ukatoka. Katika siku ile nzima, hicho ndicho kitu pekee kilichonieleza jambo waziwazi: unashika, kinapasha, mshipa unatoka.

Baada ya hapo mdomo wangu ulikuwa na ladha ya chuma. Pua iligeuka. Udi, ambao mama alikuwa akiufukiza kila Alhamisi, ulinitapisha. Chetezo kikapelekwa stoo. Mchele ukichemka nilisikia harufu ya gunia. Sabuni ya Muna niliisikia akiwa bado mlangoni. Na kabla ya dripu ya pili nywele zilianza kubaki kwenye mto wa kulalia.

Mama alizikusanya kwa kiganja. "Homa ya matumbo nayo hunyonyoa nywele," alisema. "Unguja nilimwona jirani yetu, akabaki kipara, zikaota nzuri kuliko za mwanzo."

"Mama, mimi sina homa ya matumbo."

"Nimesema inanyonyoa. Sikusema unayo."

Hamed alisema ni maji ya Maskati. Muna alisema, "Mama, dawa yake iko na nguvu sana, khalas, zitarudi." Kila mmoja alikuwa na sababu yake na sababu hazikukutana. Katika nyumba ambayo tulikuwa tukibishana hata juu ya chumvi, hakuna aliyembishia mwenzake.

Dripu ya pili, kwenye kitanda kilicho kando ya changu alikaa mwanamke mnene aliyefunga kilemba cha maua. Aliniangalia nikimshukuru muuguzi mmoja wa kwetu.

"Wewe wa Unguja," akasema.

"Umejuaje?"

"Umesema ahsante kama unasoma taarifa ya habari."

Alikuwa Bi Shamsa, mzaliwa wa Kigoma, sasa anakaa Sur, ambako mwanawe ana duka la spea za magari. Mwana mwingine alikuwa Al Ashkhara akinunua samaki, na kila alipomtembelea alimletea papa mkavu, "na mimi siku hizi hata jina la samaki sitaki kulisikia, bana." Nilicheka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa siku nyingi.

"Nimezaa saba," alisema, "nimemzika mume, nimefungasha nyumba mara mbili nchi mbili. Halafu hii."

"Hii nini?"

"Hii kansa, sista. Kwani wewe umekuja kunyonyoa nyusi?"

Nilikuwa nikitazama matone yakianguka ndani ya kile kijifuko cha plastiki. Alinitazama, kisha akajiinua kwa kiwiko.

"Hukuambiwa?"

"Nimeambiwa uvimbe."

"Uvimbe ni jina lake la nyumbani." Akajigusa mdomo. "Mungu anisamehe. Mdomo wangu huu."

"Hapana, Bi Shamsa. Endelea."

Akaendelea, polepole sasa. Kwamba sote katika wadi ile tulikuwa na kitu kimoja. Kwamba yeye baada ya dripu yake ya tatu alipangiwa thieta, watoe titi, kisha dripu nyingine. "Wewe thieta lini?"

"Sijui."

"Muulize baba watoto. Wanaongojwa watie saini ni wao. Asipojibu, nafasi anapewa mwingine, na kitu chenyewe hakikungoji."

Njiani kurudi Hamed alisimama kwenye kituo kilekile cha petroli cha siku zote na kuninunulia laban, maziwa mgando ya baridi, kwa sababu ndiyo pekee iliyokaa tumboni. Aliifungua, akaifuta kwa leso, akanipa. "Dokta anasema unaendelea vizuri," alisema.

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Sikumuuliza. Nilijipa sababu: nyumbani kuna mama, ana presha, akijua itamwondoa. Nikimuuliza Hamed, uso wake utabadilika, mama atausoma. Kwa hiyo nami nikaingia katika ile kazi ya kuficha. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko dripu. Mama akiniambia, "Leo una rangi," nilimwambia, "Uvimbe unapungua, mama," na yeye akasema, "Si nilikwambia," na wote wawili tukatazama upande mwingine.

Dripu ya tatu iliniangusha. Walinitandikia chumba kinachotazama uwani, kitanda kando ya dirisha. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Mlimau ulikuwa na matunda, hewa imekuwa nyembamba, na mkilua haukuwa na hata tumba. Majani yake yalikuwa ya manjano. Asubuhi yalikuwa yamedondoka chini, na mti ambao sikuwahi kuuona mtupu ukaanza kuonyesha vijiti vyake.

Muna aliyaona macho yangu. "Baridi tu hiyo, mama. Majani zake zitarudi."

"Baridi ndiyo siku zake," nikasema.

Sikutaka kuufananisha na kichwa changu. Mama ndiye aliyefananisha, bila ya kusema. Nilimsikia akiyafagia majani yale mapema, kabla hajafungua pazia langu.

Mtu aliyelala kitandani hana kazi ila kutazama, nami nilitazama. Baada ya sala ya alfajiri mama alitoka na birika kubwa la maji ya falaji, mfereji wa mashambani, aliyoyaamini kuliko ya bomba, akaumwagilia mkilua mpaka likaisha. Nilishukuru moyoni. Jioni, baada ya sala ya alasiri, Hamed akirudi kazini alivuta mpira wa bomba na kuuacha chini ya mti huku akizungumza kwa simu. Nikafikiri siku ile mama alimwambia amechoka. Kesho yake ikawa vilevile, asubuhi mama, jioni Hamed. Jumatano akaja Muna kutoka Nizwa, na Alhamisi asubuhi, bibi yake alipokwenda kwa jirani, alitoka na ndoo.

Ndipo nikaisikia ile harufu. Pua yangu ile iliyogeuka, iliyochukia udi na mchele, ilileta kutoka uwani harufu ya tope chachu, kama mtaro uliokaa. Wao hawakuisikia. Mimi niliisikia kupitia dirisha lililofungwa. Mkilua haukuwa na kiu wala baridi. Mizizi yake ilikuwa inaoza kwa maji.

Kilichonishangaza hakikuwa maji. Ni kwamba watu watatu wa nyumba moja walikuwa wakiumwagilia mti mmoja na hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Umeshatia?" Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu alipouliza swali lolote katika nyumba ile. Tulikuwa tumeacha. Swali moja lingeweza kuvuta la pili.

Simu ya Hamed ililia tena akiwa uwani. Alishusha sauti, lakini mpira ulikuwa umezimwa na dirisha lilikuwa karibu. Alisema kwa Kiarabu, "Nipeni wiki nyingine. Bado sijazungumza naye." Akasikiliza. "Najua mmeshanipa moja. Najua."

Nikayakumbuka maneno ya Bi Shamsa kuhusu nafasi inayopewa mwingine. Niliogopa kwa mara ya kwanza kwa namna iliyo wazi, yenye jina, na nikaona ni nafuu kuliko ile hofu isiyo na jina.

Nikamwita. Nikamwambia awaite na wengine.

Waliingia, Hamed na simu mkononi, Muna na mikono imelowa, mama na tasbihi yake. Mama alikaa kwenye kiti, wao wawili wakasimama kama watu waliokuja kukagua chumba.

"Nani anaumwagilia mkilua?" nikauliza.

"Mimi," alisema mama.

"Mimi," alisema Hamed, wakati uleule.

Muna aliwatazama wote wawili. "Na mimi. Nilifikiri nyinyi mumesahau. Ilikuwa inakauka."

"Haukauki, unazama," nikasema. "Kila mmoja wenu anaunywesha kwa zamu yake."

Hamed alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka. Nami nikaogopa kwamba nikingoja kidogo tu tutarudi kuzungumza habari za mti mpaka magharibi. Nikasema, "Na nani anajua ninaumwa nini?"

Tasbihi ya mama ilisimama.

"Mimi," alisema mama.

Hamed alimgeukia. "Bi Raya?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha alipokuwa na homa. Nina macho. Nilikiona kwa dada yangu marehemu, nikiwa msichana. Nilijua kabla ya daktari wako." Akanitazama. "Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe hujui."

"Mimi nilinyamaza kwa ajili ya presha yako, mama."

"Presha yangu," alisema mama, kwa dharau, kama anayemtaja mgeni asiyealikwa.

Muna alikuwa ameshaanza kulia. Alisema rafiki yake mmoja chuoni, ambaye shangazi yake ni muuguzi, alimweleza maana ya namba ya ile wadi. Alikuwa anajua tangu dripu ya kwanza, na aliogopa kutuambia kwa sababu alidhani sisi wazee hatujui. Alisema, "Kila Jumamosi kwenye teksi ya Nizwa nilikuwa nalia. Dereva ananipa tishu, hasemi kitu."

Hamed alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliniambia kila kitu, mbele yao: kwamba nilitakiwa kufanyiwa upasuaji wiki ile, kwamba alikuwa amewaomba muda, kwamba walimpa na sasa hawataki kumpa tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani nikikwambia," alisema, "itakuwa mimi ndiye niliyekupa."

Nilimwambia apige simu, aseme nimekubali. Akasema afadhali niwapigie mwenyewe, akanipa ile simu. Sauti ya upande wa pili ilishangaa kidogo kusikia mwanamke, kisha ikanieleza tarehe.

Nilifanyiwa upasuaji mwanzo wa mwaka. Ya hospitalini sitayaeleza marefu. Nitasema tu kwamba nilipozinduka mkono ulikwenda wenyewe upande ule na kukuta bandeji tambarare, na kwamba mama, aliyekaa pale, hakunizuia wala hakusema si kitu. Alisema, "Ndiyo. Limeondoka." Halafu akanipa maji.

Nikiwa kule, Hamed aliuchimbua mkilua. Alikata mizizi iliyooza, akaleta changarawe za mto mkavu kutoka Samad nyuma ya pikapu ya ndugu yake, akaupanda tena kwenye udongo unaopitisha maji. Ulibaki fimbo mbili. Kiangazi kile tuliuwekea kivuli cha gunia, na niliwapiga marufuku wote watatu. Kidole kimoja, changu. Dripu zangu za mwisho zilikwenda na joto, na tende zilipoanza kuiva nilimaliza.

Bi Shamsa alinipigia mara mbili baada ya hapo. Mara ya mwisho aliniuliza, "Thieta uliionaje?" nikamwambia baridi sana, akasema, "Wanaogopa tusiharibike." Sasa namba yake inaita bila kupokelewa. Huenda amebadilisha simu. Sijui.

Kwa dada wa yule mama wa sokoni sina mengi. Shika kitu cha moto kabla ya dripu. Usilazimishe chakula unachokipenda, utakichukia, kula usichokijali. Na waulize watu wako, mbele ya kila mmoja, siku moja. Sisemi kila mtu anataka kuambiwa. Namjua mwanamke aliyeambiwa akageukia ukuta. Hata sasa nikikutana na wanaoficha, siwezi kusema kwa hakika wamekosea. Ninachokijua ni kwamba kwetu kimya kilitaka kuchukua nafasi yangu ya thieta, na sisi sote wanne tulikuwa tukikipa kimya hicho nafasi hiyo kwa mapenzi.

Baridi iliyofuata mkilua ulitoa tumba moja. Nililingoja wiki nzima. Lilipofunguka nililichuma, nikaliweka kiganjani na kulinusa, na sikusikia kitu. Nikajaribu tena. Nilikuwa sijui kama pua yangu imekufa au la, kwani udi bado ulinijia kama moshi wa matairi.

Nikampa Muna. Akanusa, akanitazama usoni, akatabasamu. "Inanukia sana, mama. Wallahi."

Mama alinyoosha mkono, akalichukua, akalisogeza puani na kufumba macho. Alikaa hivyo. Kisha akafumbua.

"Usimdanganye mama yako," alimwambia Muna. Akanirudishia. "Halina kitu, mwanangu. Mti bado mchovu. Ngoja la pili."

Usiku ule nililiweka chini ya mto vivyo hivyo.